Helisi yangu imejipinda kinyume: Z inatakiwa ielekee wapi?

Mwl_Masasi:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita hapa Masasi. Nilitaka bango la protini la kubandika maabara, nikashusha krambini kutoka Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini, faili 1CRN. Ni kaprotini kadogo ka mbegu, amino asidi 46 tu, hata laptop yangu iliyochoka inakamudu. Picha ya PyMOL, programu ya kuchora molekuli, haikunipendeza kwa bango, nikaandika skripti yangu kwa lugha ya kompyuta ya Python. Inasoma X, Y na Z (namba za mahali) za kaboni alfa, kaboni ya kati ya kila amino asidi, inaziunganisha kwa mstari mnene, na vipande vyenye Z ndogo vinachorwa kwanza ili vyenye Z kubwa vivifunike. Maana Z si inamjia mtazamaji? Nikaprinti stesheneri, elfu kumi na tano ikaondoka.

Jumatatu kijana mmoja, baba yake fundi baiskeli, akasimama mbele ya bango mpaka wenzake wakaanza kumsukuma. Akasema, "Mwalimu, hiki kitu kinafungwa kinyume. Kama pedeli ya kushoto." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nikafungua PyMOL nimwoneshe alivyokosea. Wakuu, aliyekosea alikuwa mimi. Kule helisi, yaani sehemu ya protini iliyojisokota kama springi, inajipinda kulia, kwenye bango inajipinda kushoto, na namba ni zilezile, sijagusa hata desimali.

Sasa mihimili ya hizi programu inakaaje? Kwenye VMD, programu nyingine ya aina hiyo, naona X inaenda kulia, Y juu, Z inanijia usoni. Vitabu vya hesabu vinaweka Z juu. Nani yuko sahihi?

Kijana_Chikongola:
Mkuu mbona jambo dogo, zungusha nyuzi 180 kwenye mhimili wowote itakaa.

Binti_Mikindani:
Haitakaa, kaka. Kandambili ya kushoto izungushe mpaka kesho, haiwi ya kulia.

Mwalimu, shikamoo. Kwanza hilo la vitabu: wote wako sahihi. Nyosha mkono wa kulia, kidole gumba kiwe X, cha shahada Y, cha kati ukikunje kikujie, hicho Z. Ukiugeuza mkono mzima mpaka cha kati kielekee juu, umepata mchoro wa kitabu cha hesabu, na mkono ni uleule. PyMOL na VMD zikifunguka zinaanza na X kulia, Y juu, Z kwako. Huo ni mtazamo wa kuanzia tu, molekuli yenyewe haina juu wala chini. Kinachokatazwa ni kuhamia mkono wa kushoto bila kujijua.

Wewe ndiko ulikohamia. Kwenye picha za kompyuta pikseli huhesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto, kwa hiyo Y ikikua inashuka. Naweza kubashiri mstari wako bila kuuona: y mara 30, basi. X yako inaenda kulia, Y inashuka, Z umeiacha ikujie. Jaribu vidole vyako vya kulia kwenye mpangilio huo, utavunjika kifundo. Ni mkono wa kushoto. Umechora protini iliyo kwenye kioo, na amino asidi zake, ukiacha glisini isiyo na mkono, zimegeuka kutoka L, umbo la protini za asili, kuwa D, pacha wake wa kwenye kioo. Andika urefu wa picha kutoa y mara 30.

Na usijilaumu sana. Mchoro wa helisi alfa waliouchapisha mkemia Linus Pauling na wenzake mwaka 1951 nao ulijipinda kushoto.

Mwl_Masasi:
Marahaba, binti yangu. Ulibashiri sawasawa, ilikuwa 30 kweli! Nimebadilisha mstari huo. Halafu kwa tahadhari nikabadilisha na mpangilio wa Z, kubwa zichorwe kwanza. Imerudi kushoto. Hapa ndipo nilipofunga laptop nikaenda kula.

Binti_Mikindani:
😂 Mwalimu! Dawa zilikuwa mbili, ukazinywa zote. Ungeiacha Y ishuke na Z iingie ndani ya skrini, pia ungepata mkono wa kulia. Kila ukigeuza mhimili mmoja unavuka kioo. Ukigeuza wa pili unarudi ulikotoka, na wewe ulikuwa umeshavuka mara moja kabla ya kuniuliza. Acha ile ya Y, hii ya Z irudishe ilivyokuwa.

Ila angalia jambo moja ukiwa PyMOL. "turn" inazungusha mtazamo wako tu. "rotate" ukiipa molekuli inabadilisha namba zenyewe, na ukihifadhi faili zinahifadhika hivyo. Molekuli haiharibiki, ila ukiilinganisha na faili la asili utadhani umeibiwa. Ukipotea kabisa andika "reset", X inarudi kulia na Y juu.

Fundi_Nachingwea:
Mimi kemia niliiacha kidato cha pili, nimevutwa na pedeli. Huyo dogo kasema kweli. Shika bolti ya kawaida wima, mistari ya mbele inapanda kwenda kulia. Ipindue kichwa chini, bado inapanda kulia. Pedeli ya kushoto inapanda kwenda kushoto, na imetengenezwa hivyo isijifungue mtu akiendesha. Mwalimu weka bolti mezani, kila ukichora linganisha.

Mwl_Masasi:
Asanteni sana. Imekaa. Bolti nimeiokota kwenye mguu wa dawati bovu, mistari inapanda kulia na helisi inapanda kulia. Bango jipya nimeprinti leo, elfu kumi na tano nyingine, mke wangu hajaambiwa.

Lile la zamani sikulitoa. Yule kijana alikuja na kioo cha pikipiki, akakishika mbele ya bango, wenzake wakapanga foleni kuchungulia. Ndani ya kioo helisi inajipinda kulia vizuri kabisa, ila jina la shule linasomeka kinyume.