God of War inakwama kwenye PPSSPP, nifanyeje ikimbie?

dogo_wa_gemu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina PPSSPP (emyuleta, yaani programu ya kuchezea gemu za PSP, konsoli ya mkononi ya Sony) kwenye simu ya Android ya kawaida tu, RAM 4GB, gemu nyepesi zinapiga freshi kabisa ila nikifungua God of War: Chains of Olympus ndo balaa, kwenye menyu hakuna shida, ukianza kupigana tu picha inakuwa nzito na sauti inakatika katika. Nimecheki video za watu mtandaoni kila mmoja na setingi zake, huyu anasema washa yule anasema zima, nimegusa kila kitu mpaka sasa sijui ipi inafanya nini. Kingine, nikicheza muda mrefu inazidi kuwa nzito hata sehemu ambazo mwanzo zilikuwa zinapita. Au ndo simu haiwezi?

Fundi_Pikseli
Mkuu usiilaumu simu kwanza. Rudisha setingi zote kama zilivyokuja, ipo sehemu yake kwenye setingi za mfumo, afu washa zile namba za spidi na FPS (fremu, yaani picha, kwa sekunde) zikae kwenye kona ya skrini ukiwa unacheza. Bila hizo namba unabahatisha tu. Spidi ikisoma asilimia 100 gemu inaenda sawasawa hata FPS ikiwa 30, maana gemu nyingi za PSP zilitengenezwa kwa fremu 30, kwa hiyo usihangaike kutafuta 60 kwenye gemu ambayo haina. Spidi ikishuka 80, 70, ndo sauti inaanza kukatika, emyuleta inakuwa haiwahi kuitengeneza kwa wakati.

Sasa nenda kwenye grafiki uangalie rezolusheni, wengi wanajiumizia hapo. Skrini ya PSP ilikuwa pikseli 480 kwa 272 basi. Ukiweka 2x (mara mbili kila upande), pikseli za kuchora zinakuwa mara 4, ukiweka 4x zinakuwa mara 16! Weka 1x, cheza ile sehemu inayokusumbua, spidi ikikaa 100 panda 2x. Zima na ile ya kukuza tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu), inakula sana prosesa. Kama njia ya kuchora picha uliyochagua ni OpenGL jaribu Vulkan, simu nyingi za karibuni inakimbia zaidi, ikizingua unarudi OpenGL. Na tafadhali badilisha kitu kimoja, cheki namba, ndo uende kingine.

Mama_Konsoli
Nakubaliana na Fundi ila God of War ina tabia yake. Haijafungwa kwenye fremu 30, ukiipa nguvu zaidi inazitumia zote kuchora fremu nyingi, na simu ndo inalipa. Nenda setingi za mfumo, kuna pa kubadilisha saa (yaani kasi, kwa MHz) ya prosesa ya PSP, weka 222. PSP halisi mwisho wake ilikuwa 333, kwa hiyo hapo unaiambia gemu ipunguze kazi. Ikishuka sana hadi haichezeki pandisha kidogo kidogo.

Ikibaki nzito ndo uwashe kuruka fremu, weka 1 na iwe ya otomatiki ili iruke pale tu inapozidiwa. Picha itaruka kidogo lakini spidi na sauti zinabaki. Ile ya kuruka athari za bafa (skip buffer effects) naona watu wanaipendekeza sana, kweli inaongeza spidi ila gemu nyingine zinapoteza vivuli au skrini inakuwa nyeusi kabisa, mimi naiacha iwe ya mwisho.

dogo_wa_gemu
Aisee asanteni sana! Nilikuwa nimeweka 3x bila kujua. Sasa hivi 1x, Vulkan, saa 222, spidi inacheza 96 mpaka 100 hata maadui wakijaa, sauti safi. Ila baada ya muda bado inashuka kwenye 80 na kitu, na sijagusa chochote.

Fundi_Pikseli
Hiyo ni joto mkuu, hakuna setingi itakayoitibu. Simu ikipata moto prosesa inajishusha yenyewe isiungue. Usicheze ikiwa kwenye chaja, vua kava, punguza mwanga wa skrini, funga programu zinazokimbia nyuma. Hakikisha pia ile hali ya kuokoa betri imezimwa, inabana prosesa hata simu ikiwa ya baridi. Na kama 2x na 1x zote zinakupa 100, baki 1x, kazi ikiwa ndogo joto linachelewa kupanda.

Mama_Konsoli
Nyongeza dogo, hiyo 222 usiiache kwa gemu zote, nyingine zitakuwa nzito bila sababu. Bonyeza picha ya God of War kwenye orodha uishikilie, utaona pa kuitengenezea setingi zake peke yake. Weka hizo humo, zile nyingine zibaki kama zilivyokuja.