Fundi kachokonoa gia yangu kwa spoku ya mshikaki, na mshikaki wenyewe nilinunua MIMI

mama_magunia:
Wakuu leo sina salamu. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mafundi kwa ujumla, huu ni wa kwake peke yake. Na simtaji. Watu wa Mwanza mnamjua, yule wa ovaroli lililokuwa la bluu enzi za Mwalimu.

Niko Kirumba mwaloni, pale soko la dagaa ziwani, tangu alfajiri, nimepakia magunia manne ya dagaa kwenye Carina Ti yangu ya 1999, buti limejaa, siti ya nyuma imejaa, nawasha gari inawaka safi kabisa, nakanyaga breki navuta gia itoke P, ile ya kuegeshea, wapi! Imeganda kama imechomelewa. Nimevuta mpaka bega likalia. Jua la saa sita, vioo juu, mnajua dagaa wakipata joto wanaongea lugha gani. Nikampigia.

Kaja baada ya masaa mawili. Hakuinama, hakuuliza, kaegemea mlango tu, "Mayu, giaboksi imekufa hiyo, tunashusha, andaa laki nne na nusu." Halafu eti ana njaa, kichwa hakifanyi kazi. Nikamnunulia mishkaki mitano.

Sasa sikilizeni. Kala minne. Wa tano kabakiza mnofu mmoja kule juu, kaingia nao kwenye gari, spoku ya baiskeli inatiririka mafuta, kachokonoa kitundu pembeni ya gia kwa ile ncha, ta! Gia ikateleza mpaka N kama mlenda. NA NYAMA BADO IKO KWENYE SPOKU. Kashuka, kaila, kafuta spoku kwenye siti yangu, kanigeukia: "Themanini, mayu."

Elfu themanini! Mwalo mzima unaangalia, wabeba mizigo, wauza mifuko, hadi korongo mmoja wa pale jalalani kageuza shingo.

Jiwe la Majini:
Swali dogo tu, nyama ya mbuzi au ng'ombe?

mama_magunia:
Ng'ombe. Na haihusu.

Konda Mstaafu:
Ulilipa?

mama_magunia:
Tulishushana mpaka arobaini na tano. Msinicheke.

Konda Mstaafu:
😂😂😂 45 na mishkaki mitano juu. Huyo sio fundi huyo ni daktari bingwa, kakupasua na kakula.

gia_namba_moja:
Dada giaboksi yako nzima. Ukikanyaga breki kuna swichi ndogo pale juu ya pedali, ndiyo inawasha taa za breki kule nyuma na ndiyo hiyo hiyo inapeleka umeme kufungua kufuli ya gia. Swichi ikifa, au fyuzi iliyoandikwa STOP ikiungua, kufuli haipati taarifa, utavuta mpaka kesho. Mwambie mtoto asimame nyuma ya gari wewe kanyaga breki, taa zisipowaka umeshapata ugonjwa, anza na fyuzi ni hela ya soda. Zikiwaka basi ni kufuli yenyewe, muone fundi umeme. Hicho kitundu ni SHIFT LOCK, yaani cha kufungulia hiyo kufuli kwa mkono, kina kifuniko kidogo, unabandua unabonyeza na ufunguo huku umekanyaga breki unavuta gia. Ila vuta hendibreki kwanza usije ukapeleka dagaa ziwani walikotoka. Jamaa hajatengeneza kitu, kakufungulia mlango tu.

mama_magunia:
Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Mtoto anasema mama haziwaki. HAZIWAKI wakuu. Kwa hiyo nimetoka Kirumba mpaka Buhongwa sina taa ya breki hata moja, daladala ziko nyuma yangu, na yeye aliniambia "iko poa hiyo tembea". Na alijua kitundu kilipo! Alikijua tangu anaegemea mlango! Alisubiri ashibe!! Ule mnofu mimi siwezi kuusahau.

Mzee wa Pasiansi:
Wanawake na automatiki. Soma kitabu cha gari kwanza.

mama_magunia:
Kitabu ni cha Kijapani baba yangu. Kama wewe unakisoma njoo unisomee.

mnyonge_wa_igoma:
Afadhali yako. Mimi Mark II niliiacha kwenye kilima sikuvuta hendibreki, gari zima likaegemea kile kijino cha P, kurudi gia haitoki. Ovaroli lile lile likaja likasema giaboksi. Wakatokea vijana wanne wa bodaboda wakaisukuma kidogo kuelekea mlimani, ikaachia yenyewe. Akadai hela ya kuja.

Jiwe la Majini:
Ukampa?

mnyonge_wa_igoma:
Tuendelee na mada.

sato_mkavu:
Nyie gari walau mnarudi nazo. Mimi fundi friji kaondoka na kompresa eti anaenda kuipima, miezi mitatu sasa, nikipiga simu anapokea mtoto anasema baba amesema hayupo. Friza lilikuwa na sato kilo ishirini, tumekula sato asubuhi mchana jioni na majirani wakaanza kujificha.

Konda Mstaafu:
"Baba amesema hayupo" 😂😂 nimekaa chini

gia_namba_moja:
Sato anza uzi wako. Mama magunia umeangalia fyuzi?

sato_mkavu:
Huu ni uzi wa mafundi au wa Carina?

Jiwe la Majini:
Turudi kwenye la msingi. Hiyo mishkaki ya mwaloni bei gani saa hizi?

mama_magunia:
Mia tano mmoja. Lakini hamjanielewa, ilikuwa BADO KWENYE SPOKU, kaingia nayo ndani ya gari langu

Mzee wa Pasiansi:
Mia tano ndogo sana, hiyo itakuwa ya maini. Huku kwetu ni mia saba.

mnyonge_wa_igoma:
Igoma kuna kijana mia tano na ndizi ya kuchoma anakuongezea, usiku tu lakini.

Jiwe la Majini:
Mwaloni kachumbari wanaweka?

mama_magunia:
Wanaweka.