MJADALA: Tuandike mkakati, au kwanza tujue kufunga hesabu?

Fremu ya Kona: Wakuu, nina duka la vyakula la jumla Mbagala, linatembea. Mwenzangu tuliyechanga naye mtaji anataka tukae tuandike mkakati wa miaka mitano: matawi, mikoa, mpaka nembo. Mimi nasema mwaka huu tusiandike kitu. Tufunge hesabu kila jioni, tuhesabu mzigo kila Jumamosi, msambazaji alipwe siku tuliyomwahidi. Haya yakitushinda, huo mkakati atautekeleza nani? Mnasemaje?

Mchumi wa Ubungo: Umepotea, mkuu. Kupiga makasia kwa nguvu na bandari huijui, utachoka tu. Unaweza kufunga hesabu safi kabisa za duka ambalo halikupaswa kuwa pale. Tatizo la wafanyabiashara wetu ni kudhani kuamka mapema ndiyo biashara.

Dada Mkaguzi: Kuamka mapema umekutaja wewe, yeye kasema kufunga hesabu. Mnaikumbuka Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya? Mipango ya kutisha, ikaja mpaka huku, 2015 ikafunga virago. Wasambazaji hawajalipwa, rafu tupu.

Mtu wa Nakuru: Hapo umechanganya dada. Iliyofunga Tanzania na Uganda 2015 ni Uchumi, supamaketi nyingine ya huku kwetu. Nakumatt ilichukua maduka ya Shoprite kwenu 2014, ikaanguka baadaye, wadai wakapiga kura ivunjwe Januari 2020. Ilianza na magodoro hapa kwetu, ikafika matawi zaidi ya 60. Kwa wasambazaji uko sawa: walidai mpaka wakaacha kuleta mzigo.

Mchumi wa Ubungo: Asante, umenisaidia. Kupanuka kwa madeni ni mkakati mbovu. Kwa hiyo kilichowaua ni mkakati!

Mtu wa Nakuru: Kumlipa mtu wa maziwa nako ni mkakati siku hizi?

Mchumi wa Ubungo: Soma vizuri nilichoandika. Wakenya mna dharau.

Fremu ya Kona: Turudi Mbagala jamani. Zamani kila wiki hela ilikuwa inapungua, kijana wangu wa dukani ananiambia ni chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za watu. Tumeanza kufunga hesabu kila jioni, chuma ulete naye kaacha kuja.

Mama Genge: Kaka, usicheke jambo ambalo halijakukuta. Noti inaingia kwenye droo naiona kwa macho yangu, jioni haipo. Nyie mliosoma kila kitu mnaita uzembe.

Bwana Stoo: Chuma ulete gani anajua siku ambayo bosi hayupo?

Mama Genge: Nani kasema sipo? Na daftari ninalo, tena nafunga kuliko huyo wa Mbagala. Mauzo, manunuzi, waliokopa, kila siku na tarehe yake. Inapungua Ijumaa tu. Sasa niambieni, uzembe gani unachagua siku?

Dada Mkaguzi: Ijumaa anauza nani, mama?

Mama Genge: Mdogo wangu. Mimi Ijumaa naenda Kariakoo kufunga mzigo.

Bwana Stoo: 😂😂😂

Mama Genge: Usimguse mdogo wangu! Nimemlea mwenyewe.

Mchumi wa Ubungo: Mnaona sasa? Angekuwa na sera ya kuajiri ndugu, haya yasingetokea.

Dada Mkaguzi: Na bila lile daftari hiyo Ijumaa ungeijuaje? Sera ungemwandikia nani?

Mchumi wa Ubungo: Sibishani na mtu asiyeijua Nakumatt wala Uchumi.

Fremu ya Kona: Wakuu, mwenzangu anakuja kesho na makaratasi yake. Nimjibu nini?

Bwana Stoo: Mwambie ahesabu unga uliopo stoo, halafu atafute idadi hiyo kwenye hayo makaratasi. Mama, Ijumaa vipi?

Mama Genge: Ijumaa hii nauza mwenyewe, mdogo wangu ndiye atakwenda Kariakoo. Na ndimu yangu ya kinga kwenye droo siitoi, msije mkasema nimekubali.