Mnatuita kupima paa bure, halafu karatasi yetu mnampa fundi mwingine. Kuanzia sasa kupima ni hela!

Wakuu, nimekaa na hili jambo wiki nzima nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka.

Mimi ni fundi wa kupaua, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwezi uliopita bosi mmoja akaniita Bunju, upande wa pili wa jiji, nyumba ya vyumba vinne, lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) imeshafungwa. "Njoo uone, unipe makadirio." Nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili na bodaboda juu yake, nauli yangu mwenyewe. Nimepanda ukutani na futi kamba, nimepima chumba kwa chumba, maana ramani aliyonipa na ukuta uliosimama vilikuwa vinapishana karibu nusu mita upande wa jikoni. Nimeshuka saa nane mchana. Usiku nikakaa na kalamu: mbao za 2x4 ngapi, 2x2 ngapi za papi (zile za kupigilia bati), misumari kilo ngapi, bati mita ngapi, kofia za kilele, velei (mfereji pale pande mbili za paa zinapokutana kwenye kona), dawa ya mbao. Nikamtumia WhatsApp. "Ahsante fundi, nitakucheki." Kimya.

Jumanne iliyopita simu ikaita, nikaona jina lake, nikafurahi. Unajua alichosema? "Fundi, zile 2x6 kumi na mbili ulizoandika ni za wapi? Kuna fundi yuko juu hapa anauliza."

Fundi yuko juu! Na karatasi yangu mkononi!

Nilimjibu. Wengine mtaniona mjinga, lakini ile sebule ina mita saba bila ukuta katikati. Kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ikipigwa kwa 2x4 tupu pale itabonyea, na chini yake watalala watoto wasio na kosa. Nikamweleza zikae wapi, nikakata simu, nikashindwa hata kula.

Watu wanadhani kukadiria ni kuangalia nyumba na kutaja namba. Nyumba yenye upana wa mita 10, paa la migongo miwili, kilele ukikiinua mita 2, bati la upande mmoja si mita 5. Ni kama mita 5.4, na hapo hujaongeza sehemu inayotoka nje ya ukuta. Hizo sentimita 40 zizidishe kwa kila bati, pande zote mbili. Paa likiwa na kona nyingi ndiyo balaa, kwa sababu kila bati linaloingia kwenye velei linakatwa mshazari na kipande kinabaki. Nikizidisha, hela yako imelala uani. Nikipunguza, utarudi kuongeza bati, na za awamu ya pili mara nyingi rangi haifanani na za kwanza. Hiyo ni kazi, ndugu zangu. Nimeisotea miaka mingi kuijua.

Mbona gereji mnalipa? Gari likiwasha taa ya injini, fundi anachomeka mashine, anasoma tatizo, unatoa hela kabla hata spana haijaguswa. Hospitali unalipia kumwona daktari hata akikuambia huna ugonjwa. Aliyechora hiyo ramani ulimlipa. Mimi niliyegundua kwamba ukuta haufuati ramani, nikitaja elfu 30 naitwa fundi njaa.

Najua mtasema mteja ana haki ya kulinganisha bei. Anayo, sibishi. Ukitaka bei ya ufundi, nipigie, nitumie picha na vipimo, nitakukadiria bure na sitakununia ukienda kwa mwingine. Ila ukitaka nifike saiti, nipande, nikuandikie orodha kamili ya vifaa, hapo umeninunulia siku nzima. Na msidanganyike na neno bure. Fundi anayezunguka saiti tano kwa mwezi akapata kazi moja, nauli za zile nne anazipachika kwenye bei ya huyo mmoja. Mnalipiana bila kujua.

Na sisi mafundi tuna makosa yetu, lazima niseme. Wapo wanaoomba "hela ya kupima" kwa simu kisha hawaonekani. Hao ndio wanatufanya wote tuonekane matapeli. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: unalipa nikiwa nimeshasimama saiti, nakuandikia risiti, na ukinipa kazi hiyo hela inakatwa kwenye ufundi. Usiponipa, orodha ni yako, mpe umtakaye, hata akinipigia kuuliza nitamjibu kwa moyo mmoja.

Jana nimemweleza hivyo mama mmoja wa Goba. Kanijibu, "Mwanangu, mafundi wako wengi." Nikamwambia sawa mama, nakutakia ujenzi mwema. Sijaenda.

Mafundi wenzangu wa umeme, bomba na aluminiamu, nyie mnatoza au bado mnapima bure?