Simu janja: kodi iliposamehewa bei haikushuka, iliporudi ikapanda. Nani anielezee?

MamaVitenge_Moro (Novemba 2022)

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, na naomba anijibu mtu anayeuza simu au anayeijua kodi. Majibu ya "ndiyo nchi yetu hii" nimeshayasikia ya kutosha.

Nauza vitenge hapa Morogoro mjini. Wateja wangu wengi hata hawalijui duka lilipo. Napiga picha, naweka status, aliyependa anatuma pesa, mzigo unapanda basi pale Msamvu. Bila simu nafunga.

Mwaka jana, bajeti ya 2021/22 iliposomwa mwezi wa sita, nilisikia kwa masikio yangu kwamba VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inaondolewa kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watumiaji wa intaneti wafike asilimia 80 ifikapo 2025. Wakati huo simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, na ule ufa ulipita juu ya herufi P. Ukiibonyeza haiandiki. Nikawa nawaandikia wateja "tuma esa". Kuna mmoja alidhani nimelewa. Nikasema nivumilie hadi Julai.

Julai ikafika. Simu niliyoipigia hesabu, ya GB 32, mwezi wa tano ilikuwa 265,000. Nikaikuta 265,000. Muuzaji akaniambia, "Mama, huu ni mzigo wa zamani, subiri mpya uingie." Septemba, 265,000. Desemba mzigo wa zamani bado haujaisha!

Mwaka huu bajeti ikaurudisha mzigo wa VAT kuanzia Julai, kwa maelezo kwamba msamaha haukumfikia mlaji. Nikakimbilia dukani wiki hiyohiyo. Imekuwa 295,000. Nikamuuliza, mbona safari hii mzigo wa zamani umeisha haraka hivyo? Akacheka, akaendelea kubandika mtu glasi ya kioo.

Sasa nauliza: ile asilimia 18 ya mwaka mzima aliila nani? Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambao laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole wanaifunga mara moja, bei ya simu mbona hawaigusi?

Kitochi_Daima

Nunua kitochi, 25,000, chaji wiki nzima, na stress zinaisha.

MamaVitenge_Moro

@Kitochi_Daima kitenge utakitangaza kwa mbinja?

Mzigo_Aggrey

Dada, mimi niko mtaa wa Aggrey, Kariakoo, jumla na rejareja. Nakujibu bila kuficha, wenzangu wasininunie.

Kwanza tuiweke sawa hesabu. Ile 18 haikuwa inatoka kwenye 265,000 uliyoiona dukani. Wenye fremu wengi wa mikoani hawajasajiliwa VAT, maana mauzo yao hayafiki milioni 100 kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha kusajiliwa mwaka huu wa 2022. Kodi inakuwa imeshalipwa forodhani, juu ya thamani ya mzigo unapoingia. Tuseme simu yako iliingia kwa thamani ya 170,000. VAT yake ni 30,600. Hicho ndicho ulichotakiwa kupunguziwa, siyo zile elfu arobaini na kitu watu walizokuwa wanapiga mitandaoni.

Sasa imeenda wapi? Waingizaji wakubwa, wanaotoa kontena kwa jina lao, msamaha waliupata mkononi. Sisi wa kati hatutoi mzigo wenyewe. Unanunua Dubai au Guangzhou, unamkabidhi mtu anayekusanya mizigo ya watu, naye anakutoza kwa kilo au kwa kipande, kodi ikiwa humohumo ndani. Julai mwaka jana bei yake haikuteremka hata mia. Ukiuliza unaambiwa nauli imepanda. Na kweli ilikuwa imepanda, makontena yalikuwa ghali kupita kiasi na chipu adimu dunia nzima baada ya Uviko. Kwa hiyo kipande kikamezwa na nauli, kipande kikabaki kwa mkusanyaji, na kipande, niseme tu, kilibaki kwetu. Jirani yangu anauza jumla 240. Mimi nishushe hadi 220 ili iweje, wakati huko Morogoro itauzwa 265 vilevile?

Halafu ule msamaha ulikuwa na mtego ambao wanasiasa hawausemi. Ukiuza bidhaa iliyosamehewa, VAT uliyolipa kwenye pango, matangazo na usafirishaji hurudishiwi. Aliyesajiliwa anaitia kwenye bei kimyakimya. Wangeweka VAT ya asilimia sifuri badala ya msamaha, angalau hilo lingeondoka, maana hapo unarudishiwa.

MamaVitenge_Moro

Asante kwa kusema ukweli, ila mkuu, jisome tena. VAT ya simu ni 30,600, na mimi mwaka huu nimepandishiwa 30,000. Kwa hiyo wakati wa kupanda hesabu mnaijua hadi senti, na mzigo hauna uzamani. Wakati wa kushuka ndipo mnakumbuka makontena. Hapo mmeelewana bila hata kukaa kikao.

Mimi pia ni mfanyabiashara. Kitenge kikishuka jumla, wateja wangu wanajua siku hiyohiyo, kwa sababu bei zipo kwenye makundi ya WhatsApp na kila mtu anaziona. Nikijifanya sijasikia, naachwa. Nyie kwenye simu mnafanikiwa kwa sababu mteja ananunua mara moja kwa miaka mitatu, hana kumbukumbu ya bei. Mimi ninayo, nimeiandika nyuma ya daftari la madeni.

Mzigo_Aggrey

Hapo sina la kubisha sana. Nitaongeza tu kwamba mwaka mmoja ni mfupi. Ungedumu miaka mitatu, wageni wangeingia na bei ingevunjwa na ushindani.

Hesabu_na_Kodi

Nimefanya uhasibu kwenye kampuni ya mawasiliano, jina silitaji. Niguse ile sehemu ya TCRA.

TCRA anakagua kifaa, hapangi bei yake. Anaidhinisha aina za simu na kushughulikia IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, ndiyo maana tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Bei ya dukani ni ya soko. Wauzaji wakipanga njama ya bei, anayehusika ni Tume ya Ushindani, FCC, na hapo unahitaji ushahidi wa makubaliano. Kucheka kwa muuzaji hakutoshi, kwa bahati mbaya.

Kwenye bando ndiko TCRA ana mkono. Mnakumbuka tarehe 2 Aprili 2021? Kanuni mpya za vifurushi zilikuwa na mambo mazuri: kumhamishia mtu bando, kupewa taarifa linapokaribia kwisha, kutokatwa salio nje ya bando bila ridhaa. Zikaanza siku moja na bei mpya, watu wakaamka pesa ileile inaleta MB chache mno. Kelele zikawa kubwa, zile bei zikasitishwa haraka. Kwa hiyo wakitaka, inawezekana. Tatizo ni uwanja waliojiwekea: bei elekezi mwaka huu wa 2022 ni kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. MB 1,000 zinaweza kuwa 2,030 au 9,350 na zote ni halali! Hapo kampuni inakimbia upande wowote inaotaka.

Na tusisahau mkono wa serikali. Vocha ya 1,000 mwaka huu wa 2022 ina ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu VAT 18 juu ya jumla yake. Ukizitoa, huduma yenyewe inabaki kama 724. Shilingi 276 ni kodi kabla hujasema "haloo". Tozo za miamala ya pesa kwa simu ni mbali na hiyo.

MamaVitenge_Moro

Hiyo 276 sikuwahi kuiona. Tunawatukana watoa huduma peke yao kila bando linapokata Alhamisi.

Kijana_Mkopo

Dada chukua simu ya mkopo, unalipa kidogokidogo tu.

MamaVitenge_Moro

Nilienda kuuliza. Simu hiyohiyo ya 295,000: kianzio 70,000, kisha 1,300 kila siku kwa mwaka mzima. Piga mwenyewe, ni 544,500. Na siku ukichelewa inajifunga, inabaki namba ya kupiga kwao. Mimi nikijifungiwa Ijumaa, wateja wa harusi za Jumamosi wamekwenda. Kwa mtu asiyeweza kushika laki tatu kwa pamoja sawa, simlaumu. Ila hiyo nayo FCC waiangalie.

Hesabu_na_Kodi

Andika barua FCC, ambatanisha bei zako za daftarini na tarehe. Kama una risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, bora zaidi. Malalamiko ya bando yapeleke kwanza kwa kampuni, usiporidhika ndipo TCRA.

MamaVitenge_Moro

Risiti ya EFD ya simu ambayo sikuinunua naitoa wapi jamani? Nitapeleka bei na tarehe. Daftari lipo.

Mzigo_Aggrey

Dada, ukija Dar kufuata mzigo wako wa vitenge, pita Aggrey. Nina used za Dubai, GB 64, nakuachia 230,000. Kabla ya kulipa bonyeza *#06#, tuma hizo namba za IMEI kwenda 15090 ya TCRA, uone kama zinasoma aina hiyohiyo ya simu. Mtu yeyote akikukataza kufanya hivyo, ondoka dukani kwake, hata kama ni kwangu.

MamaVitenge_Moro

230 na chaja? Na betri ni ya kwake au mmeshabadilisha? Maana mwaka mzima nimesoma bei za simu, 210 nitakuwa nimekupa heshima.

Mzigo_Aggrey

Chaja ipo, betri nakufungulia unaiona kabla ya kulipa. 225, mwisho.