Seti ya filamu Bagamoyo: saa za jua la utosi wanaziita mapumziko, watu wanabeba vyuma bila malipo

Wakuu, nimetoka Bagamoyo kumtembelea mshikaji wangu anayefanya kazi kwenye filamu ya kampuni moja ya Ulaya, wanashuti ufukweni upande wa Kaole. Kampuni siitaji, na mratibu wao wa hapa nyumbani simtaji pia, maana jamaa bado anawadai. Ila nilichokiona nakisema.

Jamaa yuko kitengo cha gripu. Kwa msiojua, hao ndio wanaotandika reli za kamera, wanabeba stendi na mifuko ya mchanga, na wanafunga vitambaa vya kukinga jua. Ni kazi ya mgongo na akili kwa pamoja, ukikosea kufunga, chuma kinamwangukia mtu. Ameifanya miaka kwenye matangazo ya biashara na video za wanamuziki, anaijua. Akaniambia "njoo kaka uone kazi za wenzetu zinavyokwenda". Aliniombea ruhusa getini, nikaingia mapema nikiwa na hamu kwelikweli.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu jua, kwa sababu wizi wote umejengwa juu yake. Bagamoyo iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi jua la mchana linasimama utosini kabisa. Ukimpiga mtu picha saa hizo macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi, na kivuli cha pua kinamdondokea mdomoni. Hakuna dairekta makini anayetaka picha hiyo. Kwa hiyo ukanda wetu wa joto watu wa filamu wengi wanapenda kupiga picha za nje asubuhi na jioni. Na jioni yenyewe ni ya mbio, jua likishazama, dakika ishirini na kitu ni giza.

Hilo sina tatizo nalo. Tatizo ni namna walivyoligeuza kuwa mradi.

Ratiba ya siku, ile karatasi wanayoiita kolishiti, inasema hivi: kufika saa kumi alfajiri, kazi mpaka saa nne asubuhi. Saa nne mpaka saa tisa alasiri imeandikwa mapumziko. Saa tisa mpaka saa tatu usiku, kazi. Ukijumlisha unapata saa 12 za kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu asizidishe saa 12 kwa siku, saa za ziada zikiwemo. Aliyeitengeneza ile karatasi anaijua sheria vizuri. Amekaa akapiga hesabu mpaka ikalingana.

Nenda sasa ukaone hayo mapumziko.

Saa nne ilipofika, wageni na waigizaji wakuu wakaingia kwenye magari, viyoyozi vikawashwa, wakaenda hotelini. Vijana wetu hakuna aliyekaa. Reli zikang'olewa kutoka sehemu moja na kuhamishiwa nyingine, mbali kiasi, juu ya mchanga mkavu unaotitia mguu mpaka kwenye kifundo. Stendi zilizokaa kwenye maji ya chumvi zikafutwa moja moja kwa maji yasiyo na chumvi zisipate kutu. Nyaya za jenereta zikavutwa upya. Halafu wakafunga kile kitambaa cheupe kikubwa, futi 12 kwa 12, kwa ajili ya majaribio ya mwanga. Kaskazi inavuma, kitambaa kinajaa upepo kama tanga. Watu wanne kila mmoja na kamba ya kona yake, miguu imechimbia mchangani, kamba inawakata viganja. Chini ya kitambaa kivuli kizuri, na hapo kivulini amewekwa mtu mmoja kwenye kiti akae mahali pa mwigizaji wapime mwanga. Wanaokishika kitambaa wako juani, wote wanne, kichwa wazi.

Nikamuuliza jamaa maji yako wapi. Akanionyesha kwa kidevu tenti ambayo wao hawaruhusiwi kuingia. Kuna makasha ya barafu mle yamejaa chupa. Wao chupa zao zilitolewa alfajiri zikaisha, sasa wanachangishana anatumwa mtu dukani. Mimi nilitumwa pia, nikaenda kwa moyo wote.

Joto la kule mnalijua. Siyo nyuzi 32 zenyewe tu, ni unyevu. Hewa imeshiba maji, jasho halikauki mwilini, linatiririka tu, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kijana mmoja wa nyaya alianza kujibu mambo ambayo hakuulizwa. Anaulizwa plagi iko wapi, anajibu habari za gari. Huyo ubongo umeshapata joto, yeyote aliyepita mafunzo ya huduma ya kwanza anaijua dalili hiyo. Wenzake wakamlaza chini ya mkungu karibu na akina mama wa eksitra, wale waigizaji wa kujaza umati, wakamvua shati, wakammwagia maji. Nesi wa seti alikuwa hotelini na wageni. Mratibu alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa nani atashika nafasi yake saa tisa.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamfuata kwa heshima tu, "Samahani kaka, hizi saa si mmewaandikia mapumziko?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni mgeni hapa. Hii ni filamu, siyo ofisi ya serikali." Nikatolewa getini. Jamaa yangu akaonywa mbele za watu kwamba akileta tena ndugu zake wa maswali, mkeka wa kesho hana jina.

Basi mimi nikaenda kuisoma sheria. Mwajiri halazimiki kulipa muda wa mapumziko, ni kweli, ISIPOKUWA pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi katika muda huo. Imeandikwa. Kwa hiyo zile saa tano ni saa za kazi, na siku ya jamaa ni ya saa 17, siyo 12. Tena hata tukikubali ile karatasi yao kama ilivyo, bado wamevunja. Siku ya kawaida ni saa 9, wiki ni saa 45. Saa 12 kwa siku sita ni saa 72 kwa wiki, toa 45 zinabaki saa 27 za ziada, kwa wiki nne ni saa 108, na ukomo ni saa 50 kwa wiki nne. Ziada inalipwa mara moja na nusu. Wao wanalipa posho ya siku, bei moja, uishe saa ngapi sijui. Nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, ambazo kisheria ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, jamaa hata hakuwahi kuisikia.

Na kulala? Anatoka saa tatu usiku, anatakiwa saa kumi alfajiri. Saa saba hizo, humo atoe safari ya pikipiki kwenda na kurudi, maana anakaa Mapinga na chumba cha Bagamoyo hawampi. Sheria inataka saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku. Inaruhusu kushuka mpaka 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na pawepo mapumziko ya kweli ya saa tatu katikati. Hawana makubaliano, hawana mapumziko, na saa zenyewe hazifiki 8. Mwaka 1997 huko Marekani msaidizi wa kamera anaitwa Brent Hershman alisinzia kwenye usukani akirudi nyumbani baada ya siku ya saa 19, akafa. Wenzake wamelipigania hilo mpaka leo, na mwaka 2021 chama chao, IATSE, kilipiga kura ya kugoma, na muda wa kupumzika ulikuwa miongoni mwa madai makubwa. Huyu wa kwetu yuko kwenye pikipiki, barabara ya Bagamoyo, usiku, na malori.

Najua watakaokuja kusema "wazungu wanyonyaji". Mimi hasira yangu kubwa ni kwa mratibu, Mtanzania mwenzetu. Ulaya kwao mtu anapewa saa 11 za kupumzika kwa siku, hao wageni wanalijua hilo tangu wanaanza kazi. Wamekuja hapa wakaambiwa na mwenyeji wao kwamba vijana wa huku hawana shida, piga kazi. Na wale watakaosema jamaa ashukuru hata amepata kazi, tafadhali, niambieni ni shukrani gani ya kumlipa mtu saa 12 afanye 17.

Kitu kingine kinachoniuma. Mwaka 2019 sheria ya filamu ilirekebishwa, kampuni ya nje inayoshuti hapa ikatakiwa kuwasilisha picha ghafi ilizopiga na kutaja maeneo iliyotumia, ili nchi ijitangaze. Vizuri sana. Basi kwenye kibali hichohicho iongezwe kurasa mbili: majina ya vijana wa hapa, saa zao, uthibitisho kwamba wamesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na maji na kivuli kwa kila mtu aliye kwenye seti. Picha ya ufukwe tunaidai, mtu aliyeshika kamba hatumuulizii.

Kwa mliofanya kazi kwenye seti hiyo au nyingine yoyote msimu huu: msitupe kolishiti. Zipigeni picha, zote. Zile saa za mapumziko pigeni picha mkiwa kazini, simu inaandika muda yenyewe. Daftari la getini lina saa za kuingia na kutoka, lipigeni pia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi madai ya namna hii yanapokelewa ndani ya siku 60, ukichelewa unaanza kuomba radhi badala ya kudai haki. Kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp hakusimamishi siku kuhesabika.

Jamaa amekubali, kolishiti zake nimezipanga kwenye bahasha kwa tarehe. Wenzake wawili wa kamba wamesema wataungana naye, wengine wanaogopa kukosa kazi inayofuata, na siwezi kuwalaumu. Kama kuna wakili au mtu wa chama cha wafanyakazi humu aliyewahi kusimamia kesi ya vibarua wa filamu, naomba anitumie ujumbe kabla ya Jumatatu. Jumatatu asubuhi tunakwenda kujaza fomu.