Naomba ushauri: kumpima mama uzito bila kumvunja moyo

Wakunga wenzangu, naombeni ushauri. Kwa mimba ya mtoto mmoja, aliyeanza na BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 30 au zaidi hushauriwa aongezeke kilo 5 hadi 9, wa 18.5 hadi 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Shida ni namna ya kumwambia. Namba ikisomwa kwa sauti mbele ya foleni, mama huinamisha kichwa, na kliniki ijayo haji. Akishajifungua, machozi yakipita wiki 2 tusiyaite uchovu tu. Aulizwe maswali 10 ya Edinburgh, yale ya kuchunguza sonona baada ya kujifungua. Lile la 10, la kujidhuru, hujibiwa "hapana" upesi mama mkwe akiwa kando. Mnawatoaje ndugu chumbani bila kuzua maneno? Na mizani mmeiweka wapi?